Mifuko ya biashara ndogo Turkana: ipi ni ruzuku, ipi ni deni, na ipi usiisubiri

Uliza Lodwar, mji mkuu wa Kaunti ya Turkana kaskazini-magharibi mwa Kenya, ni wapi mwenye duka dogo, cherehani au meza ya samaki anaweza kupata ruzuku, na utatajiwa majina mengi kwa mpigo: NYOTA, Uwezo, mfuko wa wanawake, Hustler, KKCF, BOMA, "pesa za mafuta". Mengi kati ya hayo ni mikopo ambayo watu wameizoea kuiita msaada. Mengine ni ruzuku kweli, ila hayapokei maombi, bali yenyewe ndiyo yanayokuchagua. Machache yanayobaki hufunguliwa kwa muda mfupi, kisha yanafungwa mtu akiwa bado anafuatilia barua ya chifu.

Hapa tunaipima mifuko hiyo kwa jicho la mfanyabiashara wa Turkana. Tunaangalia pesa inayofika mkononi, gharama ya kuitafuta, masharti yanayouma baadaye, na bidhaa inayonunulika baada ya kulipa lori. Hilo la lori ndilo wengi husahau. Kaunti hii ina mafuta Lokichar, yaliyogunduliwa katika kisima cha Ngamia-1 mnamo Machi 2012. Ina ziwa lenye sangara na ngege, mifugo, dhahabu inayochimbwa kwa mikono, na soko kubwa la Kakuma, penye kambi ya wakimbizi. Lakini Kitale, ambako stoki nyingi za jumla zinatoka, iko takriban kilomita 300 kutoka Lodwar, na anayetoka Lokitaung au Kibish ana safari nyingine ndefu kabla ya kufika hiyo Lodwar. Shilingi elfu hamsini za mtu wa Kiambu si shilingi elfu hamsini za mtu wa Lokichoggio, ingawa fomu ni ileile.

NYOTA: ruzuku halisi, lakini ndogo

Kwa kijana, hapa ndipo pa kuanzia. Mradi wa NYOTA unaendeshwa na serikali ya Kenya kwa fedha za Benki ya Dunia, na sehemu yake ya biashara humpa kijana shilingi 50,000 zisizorudishwa. Walengwa ni vijana wa miaka 18 hadi 29, na kwa wenye ulemavu umri unafika 35. Mgao ulipangwa kwa wadi, vijana 70 kila wadi. Turkana ina wadi 30, kwa hiyo nafasi ni kama 2,100 kwa kaunti nzima.

Mgao huu kwa wadi ni jambo zuri kuliko unavyoonekana kwa haraka. Pesa inayogawanywa kwa idadi ya maombi huishia mjini, penye mtandao na vijana wanaojua kujaza fomu. Mgao kwa wadi una maana kwamba kijana wa wadi ya mpakani hashindani na wa Lodwar. Anashindana na jirani zake, na mara nyingi majirani wenyewe hawakuomba. Maombi yalipokelewa kwa kubonyeza *254#, bila intaneti, jambo lililowafaa wenye simu za kawaida. Hata hivyo, simu bado inahitaji mawimbi, na kuna sehemu za Turkana Kaskazini ambako lazima mtu apande kilima kwanza.

Sasa hesabu. Elfu hamsini hazitoki kwa mkupuo. Zinagawanywa mara mbili, 25,000 kila awamu, na malipo yalianza mwishoni mwa 2025. Katika awamu ya kwanza, 22,000 huingia Pochi la Biashara, yaani pochi ya biashara kwenye simu, na 3,000 huwekwa akiba ya Haba Haba ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Kwa hiyo panga biashara ya 22,000, usipange ya 50,000. Cherehani ya mkono na vitambaa vya kuanzia, sawa. Chaja, betri na kadi za simu, sawa. Vyombo vya chapati na maharagwe karibu na stendi, sawa kabisa. Friza, pikipiki au mashine ya kuchomelea, hapana, na anayenunua nusu ya friza akitumaini awamu ya pili anaiweka pesa yake mahali isipozaa. Awamu ya pili humfuata mwenye biashara inayoonekana.

Kinachokwamisha vijana wengi ni laini ya simu. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mama, cha mume au cha mwajiri wa zamani haiwezi kupokea malipo yako, kwa sababu jina, namba ya kitambulisho na usajili wa laini lazima vifanane. Kuirekebisha ni kazi ya dakika chache kwa wakala mwenye mamlaka ya kusajili laini, lakini ifanye kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa. La pili ni majina. Mtu ni Ekai kwenye kitambulisho, Ekal kwenye cheti cha shule, na jina la tatu kwenye M-Pesa. Mfumo hauna huruma na herufi.

Uamuzi wetu: omba kila dirisha likifunguliwa, chukua mafunzo kwa uzito hata kama unadhani unajua kuuza, na usikope kwa matumaini ya jina lako kutokea kwenye orodha.

Uwezo na mfuko wa wanawake: ni deni, ila deni lenye adabu

Mfuko wa Uwezo ulizinduliwa Septemba 2013 na kupewa kanuni zake mwaka 2014. Huu ni mkopo. Unatolewa kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia kamati ya eneobunge, kuanzia shilingi 50,000 hadi 500,000. Hauna riba, una ada ya utawala ya asilimia 3, una miezi sita ya kupumua kabla ya kuanza kulipa, na muda wa kulipa hadi miezi 24. Kikundi kiwe kimesajiliwa si chini ya miezi sita, kiwe na akaunti ya benki kwa jina lake, na kiwe tayari kinachangishana na kukopeshana chenyewe.

Weka hesabu hiyo mbele ya wanachama kabla hamjasaini. Mkopo wa 100,000 una ada ya 3,000. Deni lenyewe likigawanywa kwa miezi 24 ni chini kidogo ya 4,200 kwa mwezi kwa kikundi kizima. Kikundi cha watu kumi kinahitaji kama 420 kwa kila mtu. Hakuna benki Lodwar itakayokupa masharti hayo, wala duka la kukopesha kwa simu.

Tatizo la Uwezo liko ndani ya vikundi. Pesa ikiingia, wanachama kumi hugawana elfu kumi kumi na kila mmoja anaondoka. Biashara ya kikundi inakufa siku hiyo. Miezi sita baadaye watatu wamehamia malishoni, mmoja ameolewa Kapenguria, na mwenyekiti anafukuzia marejesho ya watu asiowaona. Kama mnataka kugawana, semeni wazi tangu mwanzo, kisha kila mmoja aandike dhamana kwa wenzake kwenye kumbukumbu za mkutano: mbuzi wangapi, wa nani, wako wapi. Vikundi vinavyofanya hivi hulipa. Vinavyotegemea "tunaaminiana" huishia kwa chifu.

Kuna pia suala la majira. Vikundi vya mifugo huomba wakati wa ukame kwa sababu ndipo shida inapouma na mbuzi ndipo wanapokuwa bei ya chini. Mbuzi wa bei ya chini ni mbuzi anayekufa. Miezi sita ya kupumua inatosha kunenepesha na kuuza kama ununuzi umefanyika mvua ikiwa imeshanyesha na majani yameota. Pesa ikija Februari, iacheni benki hadi Aprili. Hakuna sharti la kuitumia wiki ileile, ingawa shinikizo la wanachama litakuambia vingine.

Mfuko wa Wanawake, ulioanza 2007, unafanana na Uwezo kwa umbo: kikundi cha wanawake kumi au zaidi, mkopo wa kwanza mdogo, ukilipa vizuri unapandishwa ngazi. Thamani yake kubwa kwa Turkana iko mahali ambapo hapasemwi sana. Unaweza pia kugharamia tenda, yaani mwenye oda halali ya serikali anapata pesa ya kuitekeleza. Tutalirudia hilo kwenye mafuta.

Hustler Fund tutaipitia haraka. Mkopo wa mtu mmoja ulioanza Novemba 2022 ni kati ya 500 na 50,000, riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na asilimia 5 ya kila mkopo huwekwa akiba. Riba ni nzuri, ila muda ni siku 14. Siku 14 zinamfaa muuza mboga wa soko la Gikomba, Nairobi, anayezungusha pesa kila asubuhi. Mtu anayeagiza unga Kitale, lori lisubiri mzigo ujae, kisha laga, yaani mto wa msimu, ifurike njiani, siku 14 zinaisha bidhaa haijashushwa. Itumie kuziba pengo la siku chache, usiiite mtaji.

Kakuma na KKCF: pesa kubwa, ushindani wa kweli

Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba soko la Kakuma, kambi na mji pamoja, lina thamani ya takriban shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Hapo ndipo mazungumzo yalipobadilika, kutoka "wakimbizi wanahitaji msaada" hadi "hapa pana wateja". Kutokana na hilo likazaliwa shindano la KKCF (Kakuma Kalobeyei Challenge Fund), la IFC na mfuko wa AECF, kwa ajili ya Kakuma na makazi jirani ya wakimbizi ya Kalobeyei. Lilitenga milango tofauti: kampuni binafsi zinazotaka kuingia au kupanuka huko, biashara za kijamii, na biashara za wenyeji na wakimbizi wenyewe.

Ukikutana na mfuko wa shindano wa aina hii, wa KKCF au wa mwingine utakaofuata, elewa kwanza kwamba hautoi pesa kwa mwenye shida zaidi. Humpa yule ambaye pesa hiyo itamfanya aajiri, auze zaidi au ashushe bei kwa wateja wengi. Maombi yanayoanza na umaskini wa Turkana yanasomwa na mtu ambaye ameshasoma umaskini wa Turkana mara mia asubuhi hiyo. Anachotaka kuona ni mauzo yako ya mwaka uliopita, wateja wako ni nani, kitu gani hasa kinakuzuia kuuza maradufu, na kwa nini benki haikukopeshi.

Pili, mifuko hii hutaka na wewe uweke chako. Soma sharti la mchango mara mbili: ni asilimia ngapi, na je, unaruhusiwa kuwa wa vitu kama kontena, mashine uliyonayo na kodi ya duka uliyokwisha kulipa, au lazima uwe pesa taslimu? Wafanyabiashara wa Kakuma wana mali nyingi isiyoandikwa popote. Jenereta ya miaka mitatu isiyo na risiti, kwa mkaguzi, haipo. Anza leo kutunza risiti, hata za misumari.

Tatu, mifuko hii ina mwisho. Hufunguliwa kwa awamu na hufungwa fedha za wafadhili zikiisha. Kwa hiyo jina la mfuko lina uzito mdogo kuliko utayari wa faili lako. Aliyeandaa hesabu za KKCF anaweza kuzitumia kwa mfuko mwingine wowote, na yule aliyesubiri tangazo kwanza huwa na wiki nne za kuunda miaka miwili ya hesabu, nazo huonekana zimeundwa.

Uamuzi wetu: kwa duka la rejareja la kawaida, mlango huu ni mzito kuliko faida. Kwa anayesambaza maji, barafu, sola, gesi ya kupikia, chakula cha kuku au huduma ya pesa kwa maelfu ya watu, hakuna mwingine wa kulinganishwa nao.

Ruzuku zinazokuchagua

BOMA, shirika linalofanya kazi katika nyika za kaskazini, lina mfumo unaosifiwa na sisi pia tunausifu. Wanawake watatu huunda biashara moja, hupewa ruzuku ya kuanzia, baadaye ruzuku ya pili wakionyesha maendeleo, hufuatwa na mshauri, na huingizwa katika kikundi cha akiba. Watatu ni idadi iliyofikiriwa. Mmoja akienda kisimani na mwingine akiuguliwa na mtoto, duka halifungwi. Na bado ni wachache kiasi cha kutogombana hadi kuvunjika.

Ila huombi. Walengwa huchaguliwa kijijini kwa kuhusisha wanajamii wenyewe, wakitafutwa wale walio chini kabisa. Kama una duka tayari, haikuhusu, na kumsumbua mshauri wao kwa bahasha ya maombi ni kupoteza muda wa wote wawili. Vivyo hivyo kwa miradi mingi ya mashirika: uliza swali moja tu, "mnapokea maombi au mnachagua?", na uondoke au ubaki kulingana na jibu.

Mwenye ulemavu asisahau Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Mfuko wake hutoa ruzuku za kiuchumi kwa vikundi, na kinachohitajika mwanzo ni usajili wa baraza, ambao unahitaji tathmini ya kitabibu hospitalini. Wengi Turkana hawajasajiliwa, na hilo pekee linawaweka nje. Kaunti nayo ina Mfuko wake wa Biashara. Swali la kuuliza ofisi ya biashara Lodwar ni kama bajeti ya mwaka huu wa fedha imetengewa pesa, kwa sababu mfuko unaweza kuwepo kisheria bila kuwa na senti ya kutoa.

Pesa za mafuta

Hapa ndipo matumaini makubwa yalipo na ndipo watu wanapokosea zaidi. Sheria ya Petroli ya 2019 inagawa mapato ya serikali kutokana na mafuta: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, na 5 kwa jamii ya eneo. Watu wanasikia "asilimia 5 ya jamii" na kupanga duka. Pesa hiyo, siku itakapotoka, inakwenda kwenye mfuko wa amana unaosimamiwa na bodi ya wadhamini, kwa miradi ya jamii. Haikuandikwa kumpa mtaji muuza nguo wa Lokichar.

Tena, mafuta yenyewe yamekuwa yakienda na kusimama. Malori yalianza kusafirisha mafuta ya majaribio hadi Mombasa mwaka 2018, na shehena ya kwanza ikauzwa nje Agosti 2019. Kisha kimya kirefu. Tullow ikauza mali zake za Kenya kwa Gulf Energy mwaka 2025. Nyumba za kulala wageni zilizojengwa Lokichar wakati wa kishindo zinajua maana ya kimya hicho. Mwenye kutaka kufaidi mafuta asisubiri ruzuku, aandae uwezo wa kuuza: chakula, usafi, ulinzi, magari, uashi. Kampuni hununua kwa aliyesajiliwa na mwenye cheti cha kodi, na kwa kawaida hulipa baada ya siku nyingi. Swali la kwanza kabla ya kukubali oda ni hili: nitakula nini nikisubiri malipo?

Wakati huohuo, kuna mnunuzi mkubwa asiyehitaji kisima, nayo ni serikali. Asilimia 30 ya ununuzi wa umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu chini ya mpango wa AGPO, na sheria ya ununuzi ya 2015 inazitaka kaunti ziwape wakazi wake angalau asilimia 20. Usajili wa AGPO ni bure, hufanywa mtandaoni. Biashara ya ubia au kampuni lazima angalau asilimia 70 iwe ya watu wa kundi husika, na uongozi wote uwe wao. Ujanja wa kumweka binti jina mbele na mjomba nyuma unajulikana vizuri, na unaharibu cheti. Kwa biashara ndogo ya Lodwar, tenda moja ya kupeleka maharagwe kwa taasisi ya umma inaweza kuzidi ruzuku yoyote iliyotajwa hapo juu. Hatari yake ni malipo kuchelewa, na hapo ndipo mfuko wa wanawake au wa vijana unaogharamia oda unapookoa.

Faili lenyewe

Kila mfuko unaouliza karatasi unauliza karibu zilezile. Ziweke tayari, sio siku ya mwisho.

Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen kwa takriban shilingi 1,000. Kampuni ni zaidi ya 10,000 na biashara nyingi ndogo haziihitaji, licha ya ushauri wa mtu wa saiba ambaye analipwa kwa kukusajilia. PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi, ni bure, ila ina mkia. Ukishakuwa nayo lazima uwasilishe ritani kila mwaka kabla ya Juni 30, hata kama hukupata kitu, na kuchelewa ni faini isiyopungua 2,000 kwa mtu binafsi. Wenye ritani tatu zilizosahauliwa hugundua siku wanayoomba cheti cha kodi, na dirisha linabaki na siku mbili. Mauzo yakizidi milioni moja kwa mwaka kuna kodi ya asilimia 3 ya mauzo. Usijifanye mdogo kwenye ritani na mkubwa kwenye maombi ya ruzuku, kwa maana karatasi hizo mbili husomwa na mtu mmoja.

Kibali cha biashara cha kaunti, kisiwe kimeisha. Cheti cha CRB, kinachoonyesha kama una madeni usiyolipa, pale kinapotakiwa, kimekuwa kikigharimu 2,200, na deni dogo la simu la miaka iliyopita linatosha kukuchafulia jina. Lilipe kwanza, omba cheti baadaye. Taarifa ya M-Pesa ya miezi 6 hadi 12 hupatikana kwa simu bila malipo, na kwa mfanyabiashara asiye na vitabu ndiyo hesabu bora aliyonayo, kwa sharti kwamba mauzo yalipita humo. Anayepokea taslimu zote na kuzitumia taslimu hana ushahidi wowote kwamba aliuza.

Kikundi kiongeze cheti cha usajili kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii, katiba yenye sahihi, orodha ya wanachama na namba za vitambulisho, na kumbukumbu za mkutano zinazosema wazi kwamba kikundi kiliamua kuomba kiasi fulani kwa kazi fulani. Hizo kumbukumbu zinakosekana kuliko kitu chochote kingine. Na eneo la biashara: ardhi nyingi Turkana ni ya jamii, hati ya mtu binafsi haipo. Barua ya chifu au ya msimamizi wa wadi inayoeleza mahali biashara ilipo na tangu lini hukubalika sehemu nyingi. Iwe na tarehe, muhuri na maelezo ya alama za kijirani, isiwe mistari miwili ya "namfahamu".

Bajeti inayoanguka Kainuk, njiani kutoka Kitale

Wakaguzi hukataa bajeti kwa sababu tatu: bei isiyo na kotesheni, jumla isiyojumlika, na usafiri uliosahauliwa. Chukua kotesheni mbili, moja ya Kitale au Eldoret na moja ya Lodwar, kutoka kwa wauzaji wenye PIN. Kotesheni ionyeshe kama VAT ya asilimia 16 imo ndani. Andika usafiri kama mstari wake peke yake: lori, upakiaji, upakuaji, na kipande cha mwisho cha boda au gari la kukodi.

Mfano wa kuonyesha mpangilio tu, si bei za soko: mashine 60,000 Kitale, lori 4,500, kupakia na kushusha 1,000, gari hadi kijijini 3,500, waya na fundi 5,000. Jumla 74,000. Aliyeandika 60,000 amejitengenezea pengo la 14,000 ambalo atalijaza kwa kukopa au kwa kununua mashine ya daraja la chini, kisha ripoti yake itaonyesha kitu tofauti na kilichoidhinishwa. Ongeza pia miezi ya mvua. Machi hadi Mei laga hukata barabara, na mzigo uliotegemewa wiki moja hukaa tatu.

Na umeme. Waombaji wa Kalokol huandika friza kwa sababu samaki anaoza, kisha mkaguzi anauliza umeme wa saa ngapi na akiba ya barafu iko wapi. Kukausha na kutia chumvi kwa meza zilizoinuliwa, kwa wavu wa kuzuia nzi, kunagharimu sehemu ndogo ya friza na samaki wake huuzwa hadi Busia na Congo. Maombi ya namna hiyo yanaonyesha kwamba unaijua biashara yako.

Baada ya kupata

Fungua akaunti ya ruzuku peke yake au Pochi la Biashara lisiloguswa na ada ya shule. Kila risiti ipigwe picha siku ileile, kwa sababu karatasi ya mashine hufifia kwenye joto la Lodwar kabla ya ripoti ya robo mwaka. Ukilazimika kubadilisha ununuzi, andika barua kabla, upate jibu la maandishi. Ruhusa ya mdomo ya afisa ambaye amehamishwa mwezi uliofuata haina thamani. Ruzuku nyingi za awamu hukwama awamu ya pili kwa risiti ambazo muuzaji hakuzitoa kwa eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Uliza kuhusu hilo kabla hujalipa.

Fomu za mifuko hii ni bure. Ukurasa wa Facebook unaotaka "ada ya usindikaji" ni wa wezi. Msaidizi anayetaka asilimia kumi ya ruzuku si kama wezi hao, ila mifuko mingi hairuhusu asilimia hiyo itoke kwenye pesa yake, na utailipa kutoka mfukoni.

Kwa anayetoka mbali, safari moja ya Lodwar ipangwe hivi: Huduma Centre asubuhi kwa PIN na kitambulisho, kisha ofisi ya maendeleo ya jamii, kisha benki. Nendeni mwenyekiti, katibu na mweka hazina kwa pamoja mkiwa na vitambulisho halisi na nakala mbili za kila karatasi, kwa sababu benki haifungui akaunti ya kikundi hadi watia sahihi wote wawepo, na umeme ukikatika mjini mashine za fotokopi zote husimama kwa wakati mmoja.